Mota ya molekuli: taa kwanza, joto baadaye

Mota ya Feringa, mwanakemia wa Uholanzi, ni molekuli moja ambayo nusu yake ya juu huzunguka juu ya nusu ya chini; haina waya wala tangi la mafuta. Chakula chake ni mwanga na joto. Watu hukumbuka mwanga tu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Yeyusha miligramu chache za mota kwenye tolueni (kiyeyushi cha majimaji), tia kwenye kineli chembamba cha kioo, pitisha gesi ya argoni kutoa oksijeni. Tumbukiza kineli kwenye asetoni yenye barafu kavu, nyuzi −78 za Selsiasi. Tolueni haigandi mpaka −95, kwa hiyo molekuli bado zinaogelea. Vaa miwani ya kuzuia urujuanimno, kisha washa LED ya nanomita 365. Mwanga ukiipiga ile bondi maradufu (kiungo cha atomi) ya katikati, ambayo ndiyo ekseli, nusu ya juu hugeuka. Ila inakaa kwa shida, imebanana na ya chini kama mlango uliofungiwa kanga.

Hapa ndipo nilipoaibika. Mota yangu ilikuwa ya aina ambayo, kwenye joto la chumba, nusu ya molekuli zilizobanana hujinasua ndani ya dakika 3 hivi. Nilizima taa, nikashika kineli kiganjani, nikapita korido nikisalimia watu. Kufika kwenye mashine ya sumaku (NMR), inayoonyesha umbo la molekuli kwa mistari kwenye grafu, mistari ni ile ile ya kabla ya taa. Siku mbili nzima nailaumu taa! Kumbe kiganja changu ndicho kilichomalizia kazi.

Basi poza mashine kwanza, beba kineli ndani ya barafu yake, kifute haraka, kiingize. Utaona mistari mipya. Sasa pandisha joto polepole: mistari mipya inafifia, ya zamani inarudi. Usidhani mota imerudi nyuma. Imejipenyeza mbele, na mistari inafanana kwa sababu nusu ya chini ina pande mbili sawasawa. Mwanga peke yake ungeweza kuirudisha ilikotoka; joto ndilo linaloziba njia, kama gia ya nyuma ya baiskeli inayokubali upande mmoja tu.

Hiyo ni nusu duara. Rudia taa na joto upate mzunguko kamili.

Mota ya kwanza kabisa, ya 1999 kule Groningen, Uholanzi, ilihitaji nyuzi 60 kuvuka hatua mojawapo. Hii yangu inatosheka na joto la chumba: ukishaelewa hatua zake, toa barafu, acha taa ikiwaka, nayo itajizungukia yenyewe.