Kabla hujachagua ngoma kwa jina la mti

Ukienda kununua dramu, muuzaji ataanza na jina la mti. Msikilize, lakini kwanza gonga mzinga wenyewe, yaani mwili wa mbao wa ngoma, kwa kifundo cha kidole, ngozi ikiwa imetolewa. Mbao ngumu na nzito, kama mwaloni, hurudisha sauti badala ya kuinyonya: mlio unatoka mkali, wa juu, unaofika mbali. Mahogani ni laini zaidi, hivyo ukali hupungua na besi hujitokeza. Ndiyo maana wanaopenda mlio wa kizamani huipenda. Mepo (maple) iko katikati, ina joto na haielemei upande mmoja. Mlio wa bechi (birch) hukatika haraka, na wengi huisifu kwa kurekodi studio.

Ila unene wa mzinga nao una neno. Mzinga mwembamba hutetemeka kirahisi, sauti inashuka na kujaa. Mnene hausogei sana, kwa hiyo nguvu ya pigo inatoka nje kwa kishindo. Mahogani nene inaweza kukushangaza kabisa.

Halafu pitisha kidole kwenye ukingo ambapo ngozi inakaa. Ukingo mkali huacha mlio udumu, wa mviringo huuzima mapema. Ukiwa na mabonde, hata mti bora utakoroma, na hutaweza kuiwamba ngozi ikatulia.

Kwa maoni yangu, kama ngoma unayo tayari na haikuridhishi, badilisha ngozi kwanza. Ni rahisi kuliko kubadilisha mti, na tofauti utaisikia siku hiyohiyo.