Mtoto akianza kuilaza simu kifudifudi

Wazazi wenzangu wa Dodoma, msihesabu tu saa ambazo mtoto anakaa na simu, angalieni anavyoishika. Binti wa dada yangu, kidato cha tatu, naishi naye hapa Nkuhungu. Ujumbe ukiingia anashtuka, anasoma, anailaza simu kifudifudi mezani, na mlenda anaoupenda sana anauacha unapoa. Usiku halali. Jumatatu tumbo linamuuma, Jumamosi limepona. Nikadhani malaria, nikampeleka kupima, hana kitu. Kumbe wenzake walifungua kundi la WhatsApp la kumcheka, na picha yake wameichorachora.

Nilikaribia kumnyang'anya simu. Msifanye hivyo, maana watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa hilo hilo. Msikilize, wala usimuulize "uliwafanyia nini?" Kabla hajafuta chochote, pigeni picha za skrini, majina na tarehe zionekane, ndipo mumzuie mtumaji. Uonevu wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo ushahidi huo upelekeni shuleni, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Na akitamka kwamba amechoka kuishi, asiachwe peke yake hata dakika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapa hapa mjini, jina lake lisiwatishe.