Jinsi ya kupanga asubuhi yako na ikadumu, kwa sisi tunaotoka mbali kwenda kazini

Jamani hii ya kuambiana amka saa 10 alfajiri ndo utoboe imewaumiza watu wengi, mtu anasikia leo, kesho katega alamu, siku 3 anaamka na moto kweli kweli, ya 4 mwili unagoma analala mpaka kumekucha, basi kuanzia hapo anajiita mvivu. Mi nakataa. Huyo mtu sio mvivu, kaanza na alamu wakati alamu ndo ya kupangwa mwisho.

Mimi nakaa Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar, kazi Kariakoo katikati ya mji, duka linatakiwa liwe wazi saa 2 kamili. Kwa hiyo kitu cha kwanza usijiulize niamke saa ngapi, jiulize mlangoni natoka saa ngapi. Mi ni saa 12 na robo, nikizidisha hapo pale stendi ni kugombania gari au ulipande likiwa bado linakuja stendi ugeuze nalo, na njiani foleni. Ukishajua saa ya mlango rudi nyuma sasa, kuoga na kuvaa, chai, kumwandaa mtoto, mi jumla inakuja saa nzima, kwa hiyo naamka saa 11 na robo. Afu toa masaa 7 ya kulala, maana mtu mzima akilala chini ya hapo kila siku mwili unadai tu, unapata saa 4 na robo usiku. Hiyo ndo saa ya kuilinda kuliko hata alamu. Kama saa 4 na robo we bado uko kwenye stetasi za watu, kesho hakuna ratiba hapo.

Na kahawa ya kijiweni jioni iangalie sana aisee. Ile kafeini inachukua kama masaa 5 ndo ipungue nusu, kwa hiyo vikombe vya saa 12 jioni, saa 5 usiku nusu yake bado inatembea mwilini. Hamishia mchana.

Kazi kubwa ifanye usiku. Nguo piga pasi usiku, umeme wa asubuhi usiuamini. Ndoo ya maji ijae kabisa na iwe na mfuniko. Mi nachemsha maji kabla ya kulala nayaweka kwenye chupa ya chai, asubuhi nikiyamimina kwenye sufuria na majani na tangawizi niliyoitwanga jana yake, dakika 2 tu imechemka, na kiporo cha wali maharage kinapashwa palepale, hicho kinakupeleka mpaka mchana vizuri kuliko andazi moja la njiani. Nauli nayo, nina kikopo kidogo juu ya kabati karibu na mlango, kila jioni nikirudi chenji zote naziweka humo, asubuhi nachota za kwenda na kurudi naondoka, hamna kupekua pochi gizani wala kubishana na konda. Simu inachajiwa mbali na kitanda, hata kama una chumba kimoja iweke juu ya kabati ili alamu ikilia lazima usimame.

Sasa ukitaka kuongeza kitu, mazoezi, kusoma, dua, chochote, ongeza KIMOJA na kigandishe kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Mi nilichagua kunyoosha mgongo maana nasimama siku nzima, nikishaweka sufuria kwenye jiko naanza, chai ikichemka nimemaliza. Sihesabu dakika wala nini, sufuria ndo inanisimamia. Na usijipe wiki 3 ukategemea imekuwa mazoea, kuna utafiti ulifanyika London, ukatoka 2010, walifuatilia watu 96 wakikuta kwa wastani inachukua siku 66 kitu kuzoeleka, wengine 18, wengine hata 254, na kilichonipa moyo zaidi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu. Kwa hiyo mvua imepiga, mtoto kakesha na homa, we oga kunywa chai ondoka, kesho endelea ulipoishia.

Mwanga pia ni dawa. Saa ya mwili inajirekebisha kwa mwanga wa asubuhi unaoingia machoni, wanasayansi walioeleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli walipewa tuzo ya Nobel 2017. Na sisi huku karibu na ikweta tuna bahati, Dar jua linatoka kati ya saa 12 na saa 12 na nusu hivi karibu mwaka mzima, yaani ule mwendo wa kutoka nyumbani mpaka stendi unatosha, simu iache mfukoni utembee umeinua uso. Jumapili ongeza usingizi kidogo ndio, ila usizidishe lisaa limoja juu ya kawaida yako, ukilala mpaka saa 4 asubuhi, Jumatatu inakuwa kama umetoka safari.

Mwisho kwa wenzangu wa nyumba za kupanga, ratiba yako inategemea bafu. Sisi tuko wapangaji 6 bafu moja, zamani tulikuwa tunasimama foleni na taulo begani na kununiana. Tukakaa siku moja tukapangana, jirani yangu anauza vitumbua kwa hiyo anaingia saa 11 kamili, akitoka anagonga mlango wangu mara 2, "dada, bafu hilo", mi nikitoka namgongea kijana wa chumba cha nyuma. Kwa hiyo kabla hujatega alamu yoyote, leo jioni waulize majirani zako kila mtu anaoga saa ngapi.