Gereji ya Kulaza Magari, Gereji ya Kufanyia Kazi: Kabla Hujamwaga Zege Minnesota

Kwetu ukisema unakwenda gereji, kila mtu anaelewa kwamba gari limeharibika. Huku Minnesota gereji ni chumba cha gari, na mara nyingi gari lenyewe halimo: mna mapipa yanayosubiri kujaa vitu vya kupeleka nyumbani, matairi ya theluji, jiko la nyama choma, friza ya ziada na viti vya sherehe ya mwaka juzi. Mtu akifika mahali pa kusema anataka kuipanua, kwa kawaida anazitaka gereji zote mbili, ya kulaza magari na ya kushikia spana. Zinaweza kukaa chini ya paa moja, ila mahitaji yake hugongana. Pa kuyapatanisha ni kwenye karatasi. Ukuta unaweza kuusogeza baadaye. Zege likishakauka hulisogezi.

Ninawaandikia hasa walio Minneapolis, St. Paul na miji ya pembeni, ambako nilijenga yangu na kuwashika mkono wenzangu wawili watatu. Aliye Ohio au Toronto atapata mengi ya kumfaa, lakini kina cha msingi na sheria za kiwanja akaviulize kwenye mji wake.

Magari kwanza

Usianze na ukubwa wa jengo, anza na magari uliyo nayo. RAV4 ina urefu wa futi 15 hivi. Sienna, gari la mwenye watoto wanne na mama mkwe, ni futi 17. Pikapu ya F-150 yenye milango minne inapita 19. Gereji nyingi za zamani zina kina cha futi 20 au 22, kwa hiyo pikapu inaingia, mlango unafungwa, na wewe unabaki unapita kiubavu mbele yake kama mtu aliyechelewa kwenye daladala.

Sasa weka karakana. Benchi la kazi linakula futi 2, na wewe uliyeinama kwenye jiliwa unahitaji nyingine 3 nyuma yako. Sienna pamoja na benchi ni 22 tayari, na bado hujaacha nafasi ya kupita. Ndiyo maana husema kina cha futi 24 ndani ni cha kuanzia, na mwenye pikapu afikirie 28. Kwa upana, futi 24 kwa magari mawili huwaacha watoto wafungue milango bila kuacha alama kwenye gari la pili. Chora umbo lote kwa chaki kwenye njia ya gari, egesha magari, fungua milango yote, halafu mwambie mtu asukume mashine ya theluji katikati. Utarekebisha ramani siku hiyohiyo.

Kuhusu mlango, wengi huchukua mmoja wa futi 16. Mimi napendelea miwili ya futi 9, japo nguzo ya katikati huudhi wakati wa kurudi nyuma: Januari unafungua upande mmoja tu, na joto la upande wa kazi linabaki. Urefu wa kawaida ni futi 7. Mwenye gari lenye keria juu achukue 8.

Juu pia pana hesabu. Anayetaka jeki ya nguzo nne ya kulaza gari moja juu ya jingine ajiandae kwa dari ya futi 11 hivi, na jeki ya nguzo mbili ya kufanyia kazi inaweza kutaka 12. Dari ya kawaida ya futi 8 haikupi hata moja. Lakini miji mingi ina kikomo cha urefu wa jengo la pembeni, basi uliza kwanza ndipo uagize kenchi.

Mjini wanakuuliza nini

Ofisi ya majengo ya mji wako itataka ramani ya kiwanja yenye umbali kutoka mipaka, na itahesabu ni sehemu gani ya kiwanja imefunikwa na paa na sakafu ngumu. Hapo ndipo ndoto nyingi hupungua futi nne. Usiamini uzio, uzio wa jirani si mpaka. Kama huna vigingi vya mpima, mlipe mpima. Aliye chini ya chama cha wamiliki wa nyumba mtaani (HOA) apate idhini yao kwa maandishi, maana kibali cha mji hakiwafungi wao. Na kabla ya koleo la kwanza piga 811. Ni bure, nao huja kuchora rangi kwenye nyasi pale mabomba ya gesi na nyaya zinapopita.

Jambo linalowaumiza watu wetu zaidi ni hili: mji unaruhusu utengeneze gari lako, lakini katika maeneo mengi ya makazi hauruhusu utengeneze magari ya watu kwa malipo. Ukianza na breki za binamu, ukaendelea na za msharika mwenzio, Jumamosi mtaa umejaa magari, na jirani anapiga simu. Bima ya nyumba nayo inaweza kukataa kulipa moto uliotokana na biashara usiyoitaja. Hali ni hiyohiyo kwa wenzetu wa Kongo na Burundi wanaonunua magari mnadani na kuyaweka hadi kontena lijae. (Sisi wa Kenya, Tanzania na Uganda usukani wa kushoto umetuepusha na kishawishi hicho.) Gari lisilo na namba hai halitakiwi kukaa nje katika miji mingi, hivyo lipangie nafasi ndani tangu mwanzo.

Kujenga kidogokidogo

Nyumbani tumezoea: mwaka huu msingi, mwakani tofali, bati Mungu akijalia. Kwa anayekwepa riba ya mkopo wa nyumba, mtindo huo una mvuto hata huku. Kibali cha ujenzi hapa lakini hakina subira hiyo. Kazi isipoanza ndani ya siku 180, au ikisimama kwa siku 180, kibali hufa, na unaanza upya na ada mpya. Unaweza kujenga kwa awamu, ila zigawe vizuri: awamu ya kwanza iishie kwenye jengo lililofungwa, lenye paa na milango, likaguliwe. Umeme mkubwa, joto, jipsamu na jeki vije baadaye kwa vibali vyake. Usiache sakafu tupu na nondo zimechomoza ukisubiri marejesho ya kodi.

Zege na baridi

Katika nusu ya kusini ya jimbo, pamoja na Minneapolis na St. Paul, msingi unatakiwa ushuke inchi 42, na kaskazini inchi 60. Ardhi ikiganda inavimba na kunyanyua kilicho juu yake, basi msingi hukaa chini ya mahali baridi inapofika. Gereji iliyoshikana na nyumba lazima ifuate kina hicho, la sivyo itapanda wakati nyumba imetulia, na ufa utaonekana pale zinapokutana. Gereji inayosimama peke yake, ya ghorofa moja na isiyozidi futi za mraba 1,000, inaruhusiwa kukaa juu ya bamba la zege linaloelea lenye kingo nene, mradi udongo si wa kinamasi. Tofauti ya gharama ni kubwa. Ukiwa na nafasi nyuma ya kiwanja, pigia hesabu ya kujenga mpya kando badala ya kurefusha ya zamani, ambayo pia itakutaka uunganishe paa jipya na la zamani pale theluji inaporundikana.

Bamba la futi 24 kwa 28 lenye unene wa inchi 4 linahitaji zege yadi za ujazo 8.3, kabla ya kingo. Hilo ni gari moja la zege, na likishafika halingoji mtu. Chini yake pawe na mchanga au kokoto iliyoshindiliwa na karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Ukifikiria siku moja kupasha sakafu joto kwa mabomba ya maji, povu gumu la kuzuia baridi na mabomba vyote vinalala chini leo. Penye nguzo za jeki, soma maagizo ya mtengenezaji, umwambie mmwagaji unene na nguvu ya zege vinavyotakiwa. Sakafu iinamie mlangoni ili maji ya theluji yenye chumvi yatoke. Na chumvi ya kuyeyusha barafu usiimwage juu ya zege jipya majira ya baridi ya kwanza, tumia mchanga.

Kosa langu mimi lilikuwa dogo na likanila pesa. Sikulaza bomba tupu la nyaya chini ya sakafu kuelekea kona ya kompresa. Miaka miwili baadaye nilikodi msumeno wa kukatia zege, na vumbi lile nililitoa kwenye masanduku hadi kiangazi. Laza mabomba mawili, moja la ziada, hata kama hujui la nini.

Umeme na hewa

Kompresa kubwa, mashine ya kuchomelea na chaja ya gari la umeme vyote vinataka volti 240. Chaja inayovuta ampea 40 kwa saa nyingi inahitaji saketi ya 50. Nyumba ya zamani yenye huduma ya ampea 100 huenda isibebe hayo pamoja na jiko na kiyoyozi, kwa hiyo mwite fundi umeme apige hesabu kabla hujanunua chochote. Minnesota inamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo kufunga umeme wake mwenyewe, kwa kibali na ukaguzi, lakini mkaguzi lazima aone nyaya kabla hujazifunika.

Ukuta unaotenganisha gereji na nyumba unawekwa jipsamu, na mlango wake uwe mzito wa kuzuia moto. Haifai kabisa mlango wa gereji kufungukia chumba cha kulala. Hewa ya sumu (carbon monoxide) inayotoka kwenye ekzosi ni ileile ya jiko la mkaa iliyowaua watu waliofunga madirisha Arusha au Limuru usiku wa baridi. Haina harufu. Usipashe injini moto ndani, hata mlango ukiwa wazi, na uweke king'ora cha kugundua hewa hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Mkandarasi na pesa

Angalia leseni yake kwenye Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, hata kama mnasali pamoja. Akikuomba wewe ukachukue kibali kwa jina lako, jiulize kwa nini, huenda hana leseni: jimbo lina mfuko wa kufidia waliodhulumiwa na wakandarasi wenye leseni, na kwa asiye nayo mfuko huo haulipi. Lipa kwa hatua zilizoandikwa, si kwa wiki. La hatari zaidi, ukimlipa yeye naye asimlipe muuza mbao, muuza mbao anaweza kuweka dai juu ya nyumba yako, na anao muda wa siku 120 tangu apeleke mzigo wa mwisho. Kwa hiyo kila malipo yaambatane na hati iliyosainiwa ya kuachilia dai, yake na ya waliomletea vifaa.

Tafuta bei mwezi wa kwanza na wa pili, mafundi wakiwa hawana kazi nyingi, ili kibali kiwe mkononi ardhi ikiyeyuka. Anayeanza kuuliza Julai hupangiwa Oktoba, na Oktoba ni kamari na baridi.

Siku moja kabla ya jipsamu kupanda, pita na simu upige picha kila ukuta na dari, futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Hifadhi mahali pawili, pamoja na karatasi ya ukaguzi wa mwisho. Hiyo karatasi mnunuzi wa nyumba ataidai.