Jaribio la Moodle bila mtandao

Wahadhiri wenye wanafunzi Faza, Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate huko Lamu: kama chuo chenu kinatumia Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, kuna mpangilio ambao wengi hawaugusi. Unapotengeneza jaribio, ingia kwenye masharti ya ziada, uruhusu lifanywe nje ya mtandao kwa programu ya simu. Mwanafunzi atalipakua akiwa Lamu mjini, atajibu botini au nyumbani, na akipata mtandao tena majibu yatatumwa. Kwa kweli si haki kijana akose alama kwa sababu tu kwao mtandao unasuasua.

Ila jaribio hilo lisiwe na kikomo cha dakika, maswali yasilazimishwe kufuatana, na masahihisho yatoke baada ya kumaliza. Ndiyo maana silipendekezi kwa mtihani wa mwisho, kwani daftari liko pale pale na mwanafunzi anaweza kulichungulia. Kwa mazoezi ya kila wiki linafaa mno.

Wasisitizieni watumie programu yenyewe ya Moodle, si kivinjari, na wasiifute kabla majibu hayajatumwa, maana kabla ya hapo yamo ndani ya simu tu.