Mashindano ya blackjack kasino: namna ya kujua yapi ya kulipia na yapi ya kuachana nayo

Wakuu, watu wetu wengi wakifika Las Vegas au wakipanda zile meli za kitalii wanakutana na bango la mashindano ya blackjack, ule mchezo wa karata wa kuikaribia 21 bila kuipita, kiingilio dola 50 au 100, zawadi imeandikwa kwa maandishi makubwa ya kung'aa, na wanalipa palepale bila kuuliza swali hata moja. Mi nimecheza haya mashindano miaka kadhaa sasa na nimeona ndugu wengi wakitoa hela ambayo hata wangekuwa wajanja kiasi gani isingerudi. Yapo mazuri kweli, mazuri kuliko meza yoyote ya kawaida ndani ya kasino, na yapo ya kukukamua tu, na ukijua pa kuangalia utayatofautisha kabla karata ya kwanza haijagawiwa.

Kwanza shika hili, maana mengine yote yanatoka hapa. Meza ya kawaida unashindana na dila, yaani mgawa karata wa kasino, yeye akipita 21 umekula, akikuzidi umeliwa, jirani yako hakuhusu. Kwenye mashindano mnaanza wote na chipu sawa, vile vipande vya kuwekea dau, tuseme 1,000, na mara nyingi chipu hizo huwezi kuzibadilisha kuwa hela, mnacheza mikono, yaani mizunguko ya kugawiwa karata, 20 au 25 au 30 kutegemea walivyopanga, alafu mwenye chipu nyingi mezani ndo anasonga mbele. Dila anaweza kuwala wote saba na bado mmoja wenu atapita. Kwa hiyo unapambana na watu uliokaa nao, na wengi wa hao watu wanacheza kama vile wako meza ya kawaida, hapo ndo faida yako ilipo.

Sasa kabla ya yote fanya hesabu moja, chukua simu yako fungua kikokotoo hapohapo kwenye dirisha la kulipia. Uliza wachezaji ni wangapi, kiingilio ni kiasi gani, na zawadi zote kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho jumla yake ni ngapi. Mfano watu 70, kila mtu dola 100, hiyo ni dola 7,000 zimekusanywa. Wa kwanza anapewa 3,000, wa pili 1,200, na watano wanaofuata 300 kila mmoja, jumla 5,700. Gawa 5,700 kwa 7,000 unapata asilimia 81. Maana yake kwa kila dola 100 unayoweka, dola 19 kasino imeshabaki nazo hata hujakaa kwenye kiti. Ili uone dola 19 ni nyingi kiasi gani, mtu anayejua kucheza vizuri kwenye meza yenye sheria nzuri anapoteza kama nusu asilimia tu ya dau, yaani akicheza dola 10 kila mkono anapoteza wastani wa senti 5, hivyo dola 19 ni sawa na mikono 380 hivi, zaidi ya masaa matano ya kucheza. Na wewe umeilipa mlangoni.

Ikirudi asilimia 100, yaani wanagawa chote walichokusanya, hayo ni mashindano mazuri, na ikizidi 100 we lipa ukae mezani tu. Usishangae, kuzidi 100 kupo, kasino inaweza kutangaza zawadi ya uhakika ya dola 10,000 ikitegemea watu 100 alafu wakaja 60, au inaweka hela yake juu kwa sababu inataka wageni waje walale hotelini kwake na wacheze usiku. Ndo maana mi napenda mashindano ya katikati ya wiki na ya msimu ambao hakuna watu. Ikiwa chini ya asilimia 85 mi siingii, labda kama nataka tu kujifunza na kiingilio ni kidogo.

Kuwa makini na neno "hadi". Zawadi hadi dola 25,000 maana yake hiyo inatoka viti vyote vikijaa, visipojaa wanapunguza, na mara nyingi imeandikwa nyuma ya karatasi kwa maandishi ya sisimizi. Omba karatasi ya sheria, na usione aibu kuisoma pale pale watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yako. Mi niliwahi kulipa bila kusoma sehemu moja sitaitaja, nikashika nafasi ya tatu nikafurahi sana, kufika dirishani nakabidhiwa chipu za promosheni za dola 400. Chipu za namna hiyo huwezi kubadilisha hela, lazima uziweke mezani, na hizi zilikuwa za kuchezwa mara moja tu, ushinde ushindwe inachukuliwa, ukishinda unapewa faida peke yake. Kwa hiyo chipu ya dola 100 ya aina hiyo thamani yake halisi ni kama dola 48 hivi. Ile 400 yangu ilikuwa kama 190 na mi kwenye hesabu yangu nilikuwa nimeshaiweka 400. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni je zawadi ni keshi.

Alafu kuna kitu cha kununua tena. Ukitolewa raundi ya kwanza unaruhusiwa kulipa ukarudi. Hapa uliza hizo hela za kurudi zinaingia kwenye zawadi au zinabaki kwa kasino, maana nimeona pote pawili. Kama zinabaki kwa kasino basi ile hesabu yako ya asilimia inashuka vibaya. Na hata kama zinaingia kwenye zawadi, jua kabisa kwamba mwenye hela ya kurudi mara tatu anacheza kwa kujiachia na wewe mwenye bajeti ya mara moja unacheza umebanwa, kwa hiyo kama huna hela ya kurudi angalau mara moja tafuta mashindano yasiyo na kitu hicho.

Mashindano ya mwaliko yasiyo na kiingilio ni mazuri kuliko yote, ila angalia umepewa mwaliko kwa sababu gani. Kama ulishacheza zamani wakakutumia barua, nenda. Kama wanakwambia kusanya pointi kwenye mashine za kamari ili upate kiti, hicho kiti si cha bure, utakuwa umekilipia kwenye mashine na bei yake huijui. Na yale ambayo chipu ni hela yako mwenyewe, unaweka kiingilio alafu unacheza na dola zako halisi, hayo unakatwa mara mbili, mlangoni na mezani, mi nayakwepa.

Ukimaliza kuangalia mambo ya hela njoo kwenye sheria za mchezo, hapa ndo unajua kama ujuzi wako utapata nafasi au ni bahati nasibu tu. Idadi ya mikono ni muhimu sana. Kwenye meli nimekuta mashindano ya mikono saba, mikono saba jamani, hapo anayepata karata nzuri mara mbili amemaliza kazi. Ikiwa 20 kwenda juu mtu anaweza kupanga. Cha pili ni dau la juu ukilinganisha na chipu mlizoanza nazo. Mkianza na 1,000 na dau la juu ni 500, aliyeachwa nyuma anaweza kurudi kwa mkono mmoja, mchezo unabaki hai mpaka mwisho. Mkianza na 1,000 na dau la juu ni 100, aliyewahi kuongoza humkamati tena. Cha tatu wanapita wangapi kila meza. Meza ya watu saba akipita mmoja, mtu wa kawaida ana nafasi 14 katika 100, wakipita wawili ana kama 29, na anayejua kuhesabu chipu za wenzake anafaidika zaidi wakipita wawili kwa sababu haendi kupigana na yule mwenye bahati ya siku, anamfukuzia tu namba mbili.

Uliza pia kama chipu za kila mtu zinatangazwa kabla ya mikono ya mwisho. Sehemu nzuri dila anasimamisha mchezo mikono mitano kabla ya kumaliza, anahesabu kwa sauti. Sehemu mbaya hawahesabu na hawaruhusu kuuliza, unabaki kukodoa macho kwenye mirundo ya jirani.

Kuna na aina ya kuondolewa mmoja mmoja, ile iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya CBS mwaka 2006 kwa jina la Ultimate Blackjack Tour, ambapo baada ya mkono wa 8, wa 16 na wa 25 mwenye chipu chache kuliko wote anatoka. Hii mi naipenda mno kwa sababu kila baada ya muda kuna mkono wa hatari na huwezi kujificha, wenye kujua wanapata nafasi ya kujua kwao mara nyingi. Ukiikuta kwa bei nzuri kaa.

Watu wananiuliza kuhusu kuhesabu karata, yaani kufuatilia zilizokwisha kutoka ili ukisie zilizobaki. Ni kweli Mike Aponte aliyekuwa kwenye ile timu ya wahesabu karata ya chuo cha MIT cha Marekani alishinda msimu wa kwanza wa mashindano ya televisheni ya World Series of Blackjack mwaka 2004, ila kwenye mikono 25 kuhesabu karata hakukusaidii sana, faida yake ni ndogo mno kwa muda mfupi hivyo. Hesabu chipu za wenzako, na jua nani anaweka dau kabla ya nani. Kuna kidude cha mviringo kinazunguka mezani kila mkono, aliye nacho anaanza kuweka dau, na anayemaliza ana faida kubwa sana kwa sababu ameshaona wote wamefanya nini. Tangu mwanzo hesabu kidude kitakuwa kwa nani mkono wa mwisho, kama kitakuwa kwako basi jitahidi uongoze mapema.

Ngoja niwaonyeshe mkono mmoja ili muelewe. Mkono wa mwisho, tumebaki wawili wa maana, anapita mmoja. Mzee mmoja wa kofia ana 1,150, mi nina 1,000, dau la juu 500, kidude kiko kwake kwa hiyo anaanza. Angeweka 100 angenibana kabisa, maana hata akipoteza angebaki na 1,050, juu ya 1,000 yangu, ningelazimika kuweka dau kubwa na kushinda. Ila aliogopa akaweka 500 zote. Mikono ikanitetemeka lakini nikajilazimisha kuhesabu taratibu. Akipoteza atabaki na 650. Akitoa sare na dila dau linarudi, anabaki 1,150. Akishinda ana 1,650. Sasa mi nikiweka 340 na nikapoteza nabaki na 660, nimemzidi kwa 10 akipoteza naye. Nikishinda nina 1,340, namzidi akitoa sare. Na nikidabo, yaani nikiongeza dau mara mbili na kupewa karata moja tu, nikashinda nina 1,680, namzidi hata akishinda. Ningeweka 300, kudabo kungenifikisha 1,600 tu, mfupi. Ningeweka 400, nikipoteza ningekuwa na 600, chini yake. Kwa hiyo 340, nikazisogeza mbele chipu moja moja.

Dila ameonyesha 5 ya shupaza. Mzee akapata 20, akasimama, akatabasamu, na kwa meza ya kawaida angekuwa sahihi kutabasamu. Mi nikapata 11. Nikadabo, ikaja kumi ya uru, 21. Hapo mkono ulikuwa umeisha hata kama dila hajafunua karata yake iliyolala. Dila akipita 21 au akiishia 17 mpaka 19, mzee ana 1,650 mi nina 1,680. Akipata 20 mzee anabaki 1,150. Akipata 21 mi natoa sare nabaki na 1,000 na mzee anashuka 650. Mzee alikuwa bado anaangalia karata za dila wakati mi nimeshaanza kupumua.

Mkono kama huo haujitokezi wenyewe kichwani ukiwa umekaa pale na dila anakuhimiza uweke dau, una sekunde chache tu. Fanya mazoezi nyumbani. Chukua karata, chukua maharage, kila punje moja iwe 10, kaa na mtu mezani, mpeni mmoja punje 115 na mwingine 100, chezeni mkono wa mwisho tu, mkono mmoja, alafu rudisheni punje mbadilishane nafasi ya kuanza. Mi na mke wangu tulikuwa tunacheza hivyo mara 30 kila jioni baada ya kula, kwa mwezi mzima, na yeye ndo aliyeigundua ile ya kuweka dau ambalo ukipoteza bado unabaki juu ya aliyepoteza zaidi, mi nilikuwa bado nakimbilia kuweka zote.