Kuagiza gari Japani hadi Dar es Salaam: piga hesabu ya kodi kwanza, gari lichague baadaye

Bei unayoiona kwenye tovuti ya muuzaji wa Japani ni sehemu tu ya gharama, na kwa magari mengi ya zamani haifiki hata nusu ya pesa itakayokutoka. Ndiyo maana mtu anaagiza gari kwa furaha, linafika, halafu linakaa bandarini huku yeye anazunguka kutafuta mkopo wa kulitoa. Tatizo hilo huzuilika kwa jioni moja ya hesabu kabla ya kutuma hata senti.

Kodi inavyojengwa

Kwa gari la abiria lililotumika, TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) huanza na thamani ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandarini. Juu yake huwekwa ushuru wa forodha wa 25%. Jumla hiyo (CIF pamoja na ushuru wa forodha) ndiyo inayotozwa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: injini isiyozidi cc 1000 hailipi, inayozidi 1000 hadi 2000 hulipa 5%, na inayozidi 2000 hulipa 10%. Jumla hiyohiyo hutozwa tena uchakavu: gari lenye miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe hulipa 15%, na lililozidi miaka 10 hulipa 30%. Ukishajumlisha yote hayo, VAT ya 18% inakaa juu. Pembeni kuna tozo za uchakataji wa forodha na za reli, ada ya usajili na ya namba. Hizo zitazame upya kila mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai 1, kwa sababu bajeti huzigusa mara kwa mara.

Tuchukue gari la cc 1500 lenye CIF ya dola 5,000.

Likiwa na miaka 7: forodha 1,250, ushuru wa injini 5% ya 6,250 ni 312.50, VAT 18% ya 6,562.50 ni 1,181.25. Jumla ya kodi: dola 2,743.75.

Likiwa na miaka 9: ongeza uchakavu wa 937.50, na VAT inapanda hadi 1,350. Jumla: dola 3,850.

Likiwa na miaka 12: uchakavu ni 1,875, VAT ni 1,518.75. Jumla: dola 4,956.25. Kodi imekaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe.

Sasa linganisha hilo la miaka 12, ambalo kwa jumla limekugharimu dola 9,956, na gari la aina hiyohiyo lenye miaka 7 na CIF ya dola 6,500. Kodi ya hili la pili ni kama dola 3,567, kwa hiyo jumla ni dola 10,067. Kwenye tovuti magari haya yamepishana kwa dola 1,500. Barabarani Dar yamepishana kwa dola 111, na moja ni jipya kwa miaka 5. Hakuna sababu ya kuchukua lile la zamani.

Mpaka wa cc nao una maana. Vitz na Passo zenye injini ya 1KR-FE ni cc 996, kwa hiyo zinapita bila ushuru wa injini. Gari la "cc 2000" la Toyota kwa kawaida ni 1998, liko ndani ya 5%. Harrier ya 2.4 ni cc 2362, tayari iko kwenye 10%.

Halafu kuna jambo linalowakwaza wengi: thamani inayotozwa kodi si lazima iwe ile iliyo kwenye ankara yako. TRA ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, uko wazi kwenye tovuti yao. Unachagua aina, modeli, mwaka, nchi linakotoka, mafuta na ukubwa wa injini, unapata CIF wanayoitambua na jumla ya kodi. Ukinunua kwa bei ya chini kuliko hiyo, jiandae kulipa kwa thamani yao. Muuzaji akikuahidi kukuandikia ankara ya bei ndogo, hajakusaidia kitu, na amekuweka kwenye hatari ya kuonekana umedanganya forodha. Fungua mfumo huo kwa kila gari unalolifikiria, kabla hujamwandikia muuzaji.

Mwaka upi?

Tovuti nyingi huandika mwaka wa usajili wa kwanza Japani. Uchakavu huhesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani Novemba na kusajiliwa Februari lina miaka miwili tofauti kwenye karatasi, na mwaka huo mmoja unaweza kukusogeza kutoka 15% hadi 30%. Namba ya chesisi ya gari la soko la Japani haina herufi ya mwaka kama ya gari la Ulaya, kwa hiyo mtake muuzaji akuandikie mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Hesabu pia umri wa gari siku litakapofika, maana lililo ukingoni Novemba linaweza kutia nanga Januari.

Karatasi za Kijapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme. Heisei jumlisha 1988: H27 ni 2015. Reiwa jumlisha 2018: R1 ni 2019. Ukijua hilo utasoma mwaka mwenyewe bila kutafsiriwa.

Karatasi ya mnada

Magari mengi ya wauzaji wa nje hununuliwa kwenye minada ya Japani, na kila gari la mnada lina karatasi ya ukaguzi. Iombe. Muuzaji anayesema haipo, na gari lenyewe limetoka mnadani, mwache.

Alama ya jumla huwa pembeni juu. 4 na 4.5 ni gari zuri. 3.5 lina mikwaruzo na mibonyeo ya kawaida, na kwa bei yake mara nyingi ndilo lenye faida kwa barabara zetu. 3 na kushuka chini, soma kila mstari. R au RA maana yake lilipata ajali likarekebishwa, na hapo usitosheke na picha za nje. Herufi A hadi D ni hali ya ndani.

Kwenye mchoro wa gari utaona alama: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokula bati, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX kimeshabadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa, A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa. A na U zisikunyime usingizi, fundi wa rangi atazimaliza. S na C chini ya gari ni habari nyingine. Magari ya Hokkaido na mikoa yenye theluji hupita barabara zilizomwagwa chumvi majira ya baridi, na kutu yake huanzia chini, kwenye chesisi na mabomba ya breki, mahali ambapo picha za matangazo hazifiki. Omba picha za uvunguni.

Kwenye injini, angalia kifuniko kilichoandikwa D-4. Noah, Voxy na RAV4 nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zina 1AZ-FSE, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Inajaza masizi kwenye njia ya hewa, na pampu yake ya mafuta ya shinikizo kubwa ni ghali. Ukipata modeli hiyohiyo yenye injini ya kawaida, chukua hiyo.

Malipo, bima na meli

Ukikubaliana bei unapewa ankara ya awali. Hakikisha ina namba kamili ya chesisi, mwaka, cc, masharti ya bei, na akaunti yenye jina la kampuni yenyewe. Akaunti yenye jina la mtu binafsi ni sababu tosha ya kuacha. Barua pepe ikija baadaye kusema akaunti imebadilika, usiijibu, piga simu kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao tangu mwanzo. Wizi wa namna hii umekula pesa za watu waliokuwa makini kwa kila kitu kingine.

Benki ikikuuliza nani analipa gharama za uhamisho, chagua zote zilipwe na wewe mtumaji. Vinginevyo benki za katikati zinakata chao njiani, muuzaji anapokea pungufu, na gari halipakiwi mpaka umalizie hata kama kilichopungua ni dola 25.

FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini Japani. C&F imeongeza nauli. CIF imeongeza na bima. Kwa Tanzania nunua kwa C&F, bima ya mzigo uikate kwa kampuni ya hapa nchini, kwa kuwa ndivyo sheria inavyotaka tangu utekelezaji ulipokazwa 2018. Ukilipa bima kwa muuzaji, utakuwa umelipa mara mbili.

Nauli ya meli ya RoRo, ambayo gari huendeshwa hadi ndani, huhesabiwa kwa mita za ujazo. IST yenye urefu wa mita 3.86, upana 1.70 na kimo 1.53 ni kama mita 10 za ujazo. Noah ya zamani ni kama 14. Usiweke mali ndani ya gari la RoRo, na waambie waorodheshe jeki, spana ya tairi, tairi la akiba na idadi ya funguo.

Ukaguzi wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) muulize wakala wako wa forodha kabla ya kulipa: kwa tarehe unayosafirisha, unafanyika Japani au gari likifika? Utaratibu huu umewahi kubadilishwa, mwaka 2021 ulihamishiwa Dar, na anayekosea hulipia ucheleweshaji.

B/L ndiyo roho ya mzigo

Kabla meli haijaondoka muuzaji atakutumia nakala ya rasimu ya B/L, yaani hati ya shehena ya meli. Hapo ndipo pa kutumia macho. Jina la mpokeaji liwe sawa herufi kwa herufi na lililo kwenye TIN na kitambulisho chako cha NIDA. Namba ya chesisi isomeke sawa na ankara. Kusahihisha rasimu ni ujumbe mmoja tu. Kusahihisha baada ya orodha ya mizigo ya meli kuwasilishwa forodha ni ada, barua, na siku za kulipia uhifadhi bandarini. Usikubali jina la wakala kuandikwa kama mpokeaji "ili iwe rahisi". Gari litakuwa lake kwenye karatasi, na kadi itabidi ihamishwe.

Baada ya meli kuondoka utatumiwa B/L halisi, ankara ya mwisho, na cheti cha kufutwa usajili Japani pamoja na tafsiri yake. Vitunze kama hati ya nyumba.

Kulitoa

Wakala wa forodha awe na leseni ya TRA, na akupe mchanganuo wa maandishi: kodi, gharama za bandari, za wakala wa meli, za uhifadhi, na ujira wake, kila moja mstari wake. Anayekutajia jumla moja tu ya "kila kitu" anakuficha mahali. Mpe nyaraka wiki mbili kabla meli haijafika ili awasilishe tamko la forodha mapema. Kodi ilipe mwenyewe benki kwa namba ya malipo ya serikali, usimpe pesa mkononi. Ikishalipwa, wakala wa meli anatoa kibali cha kukabidhi mzigo, TRA inaruhusu na kulisajili, unakata bima ya barabarani, namba zinafungwa, gari linatoka. Likiwa limehamishiwa bandari kavu, gharama za huko ziulize mapema, kwani siku za bure zikiisha mita inakimbia kila siku.

Kabla ya kusaini kulipokea, lizunguke ukiwa na karatasi ya mnada mkononi. Mbonyeo usiokuwamo kwenye mchoro umetokea safarini au bandarini, na dai lake huandikwa hapohapo kabla gari halijavuka geti.

Nje ya Dar

Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Uganda ilizuia yenye miaka 15 na zaidi mwaka 2018. Rwanda na Kongo zinaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari la Japani linalopita Dar kwenda huko lihakikiwe kwanza na sheria za kule. Gari lililosajiliwa Zanzibar linavutia kwa bei, lakini ukilileta Bara kulisajili utadaiwa tofauti ya kodi. Pata hesabu hiyo kabla ya kumpa mwenye gari chochote.

Wiki ya kwanza

Badilisha oili na chujio, maji ya rejeta, na uangalie oili ya gia. Soma tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT kwenye kila tairi: 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira umeshakauka. Redio za Kijapani hushika FM kuanzia 76 hadi 90 au 95, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, kwa hiyo utahitaji kifaa cha kubadili masafa. Redio ikiomba kadi ya ramani kwa Kijapani baada ya betri kuchomolewa melini, imejifunga. Itafute kadi hiyo ndani ya gari kabla hujamlipa mtu kuifungua.